Ghala la Tatu

Balagizi Byamungu ni fundi wa kushona nguo. Ametoka Bukavu, Kongo, anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka wa kumi na nne sasa, na katika muda huo wote sijamwona akikata kitambaa kabla ya kukipima mara tatu. Mara ya kwanza hupima kwa utepe, ya pili kwa shubiri, na ya tatu kwa macho, akiwa amerudi nyuma hatua mbili na kufumba jicho moja. Mteja akinung'unika kwamba anacheleweshwa, fundi humjibu kwa upole: "Kitambaa kikiisha katwa, hakisikiake tena pardon," yaani hakipokei samahani.

Mara mbili tu alishona bila kupima. Binti yake wa pekee, Ketsia, alipoolewa na Guy hapa kambini, alishika mimba mara mbili kabla ya wao kupata safari ya Amerika. Babu mtarajiwa hakuweza kungoja. Alishona kigauni cha manjano, na mwaka uliofuata kigauni cheupe chenye lesi shingoni, vyote kwa kukisia. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi sita, ya pili ikiwa na saba. Vile vigauni sikuviona tena, wala hapakuwa na aliyeuliza vilikowekwa.

Ketsia na Guy waliondoka, wakapelekwa Nebraska, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Guy alipata kazi kwenye maghala ya nafaka yaliyo kando ya reli. Reli yenyewe si ile ya treni kubwa za kuvuka nchi. Ni njia fupi ya kampuni ndogo yenye vichwa viwili tu vya treni, vyote vizee, vinavyovuta mabehewa ya mahindi polepole kutoka vijijini hadi reli kuu, mara tatu kwa wiki. Guy alituma picha ya kichwa kimoja cha kijani chenye mstari wa manjano, kimepauka kama shati la kazi. Balagizi aliitazama picha ile kwa siku kadhaa. Alikuwa na miaka sitini na mbili na hajawahi kupanda treni.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa pili, mvua ikipiga mabati, wakati mke wake Antoinette alipomwambia mbele yangu:

"Papa Ketsia, we unafikiria mutoto muchana na usiku. Tengeneza basi ile pahali anaishi, na sisi tuione."

Nilidhani ni maneno ya kufariji tu. Kesho yake nilimkuta fundi amekwisha kuondoa kitanda katika chumba alichowahi kulala binti yake, na mahali pake ameweka meza ya mbao yenye urefu wa mita nne.

Aliniita nimsaidie hesabu, kwa kuwa nilifundisha hesabu kwa miaka thelathini na moja, Uvira na hapa. Tulikubaliana kipimo chepesi: kila mita moja ya Amerika iwe sentimita moja ya Dzaleka. Kwa kipimo hicho Ketsia, mwenye mita moja na sentimita sitini na mbili, alikuwa na urefu wa sentimita moja na nusu na kidogo. Baba yake alimchonga kwa kipande cha mpini wa ufagio, akamvika kipande cha kitenge cha kijani kilichobaki kwenye gauni alilomshonea kwa safari, na kumsimamisha pale barabara inapokatiza reli. Reli zilitengenezwa kwa spoki za baiskeli, alizozikusanya kwa mafundi wa kabaza, zile baiskeli zetu za kubebea abiria. Mataruma, zile mbao za kulalia reli, yalikuwa njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye chai nzito. Maghala mawili ya nafaka, ambayo kule ni marefu na ya mviringo kama minara, yalitokana na makopo ya maziwa ya unga kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Old Town, mjini Lilongwe, mawili juu ya mengine, yaliyopakwa rangi ya fedha.

Aliweka sharti moja. Kila picha aliyoagiza kwa Guy ilipaswa kumwonyesha Ketsia amesimama karibu na kitu kinachopigwa picha.

"Fundi hapimake kitu bila muntu," alimweleza mkwewe kwa sauti ya simu. "Mi najua mezire, vipimo ya binti yangu. Akisimama karibu ya nyumba, nitajua mezire ya nyumba."

Mlango wa chumba kile ulifungwa kwa kufuli ili watoto wa jirani wasiguse, na kufuli huzaa maneno. Zihindula, anayechaji simu za watu kwenye kibanda kilicho mkabala, alikuwa wa kwanza kuyasambaza.

"Ule muzee iko na dossier," alininong'oneza, akimaanisha faili la kupelekwa Amerika. "Bamemuonyesha ule muji bale ba-Amerika. Anajifunza barabara mbele ya safari. Mwalimu, usinifiche, na we uko ndani?"

"Ni treni ya kuchezea, Zihindula."

"Muntu wa miaka sitini anacheza na treni, na anafunga na kadenasi?" Alicheka peke yake. "Sawa. Mi sijauliza kitu."

Shaka ya jirani haikumgusa Balagizi. Shaka yake mwenyewe ilianza mwezi wa tatu, na ilianzia kwenye upana wa reli.

Alikuwa na kibali cha kwenda Lilongwe kununua nyuzi. Baada ya kununua alikwenda hadi kwenye njia ya reli, akapiga goti na kunyoosha utepe kutoka chuma hadi chuma. Mlinzi mmoja alimjia mbio akiwa na rungu, akamwuliza kwa Kichewa anapanga kuiba nini. Balagizi alimjibu kwamba yeye ni fundi nguo.

"Fundi nguo?" mlinzi alisema. "Kwa hiyo reli imeagiza suruali?"

"Sijamaliza kuipima, bwana. Zikomo, unishikie huu mwisho."

Mlinzi aliushika. Upana ulikuwa mita moja na sentimita saba. Balagizi aliporudi, alichukua picha ambayo Ketsia alisimama katikati ya reli zile za Nebraska, akapima nafasi ya reli kwenye picha, akapima urefu wa binti, akagawanya. Alikuja kwangu bila kofia.

"Mwalimu, mutoto wangu amekuwa mufupi. Metre moja na makumi mbili."

"Umekosea kugawanya."

"Nimegawanya mara tatu. Huyu haiko Ketsia. Bamesimamisha mutoto ya shule, bamemuvalisha gauni yake."

Tuliitazama picha. Ketsia alivaa kofia ya sufu iliyofunika nyusi na kuinamisha uso kwa sababu ya upepo. Nakiri kwamba kwa dakika chache nami sikumtambua. Ilinibidi nifukue madaftari yangu ya jiografia ndipo nikaona kosa letu: reli za Malawi ni nyembamba, na zile za Amerika zina upana wa mita moja na sentimita arobaini na tatu na nusu. Tulipogawanya upya, Ketsia alirudi kwenye mita moja na sitini na mbili, bila kupungua hata unywele. Baba yake alicheka hadi akakaa chini. Aling'oa reli zote za upande mmoja na kuzisogeza milimita nne. Lakini nilimwona jioni ile akiitazama picha tena. Alikuwa ameonja wasiwasi, na ladha yake ilikuwa bado haijamtoka mdomoni.

Kuanzia mwezi wa sita, Ketsia hakuonekana tena kwenye picha.

Picha ziliendelea kuja, tena nzuri: ofisi ndogo ya kampuni ya reli, lundo la mataruma, behewa lililoshika kutu. Karibu na kila kitu palisimamishwa ufagio.

"Papa, Ketsia iko kazini," Guy alisema katika ujumbe wa sauti. "Nimeweka fagio. Urefu ni metre moja na makumi tatu, nimepima mwenyewe."

Balagizi alibonyeza simu na kujibu papo hapo: "Guy, mi nilikupa binti. Leo unanitumia fagio?"

Wiki iliyofuata ilikuja ndoo. Aliomba wazungumze kwa video. Guy alisema kamera ya simu imepasuka. Ketsia mwenyewe alituma sauti, fupi kila mara: "Niko muzima, Papa. Nachoka tu na kazi." Balagizi aliirudia sauti hiyo mara nyingi, sikio likiwa limegandamana na simu.

"Sikia," aliniambia. "Anaongea kama muntu amelala. Saa ya kule ni muchana. Juu ya nini analala muchana? Na hii kamera, Mwalimu, ni kamera gani? Behewa inapiga muzuri, hata misumari yake tunahesabu. Ikifika ku uso wa mutoto wangu, njo inapasuka."

Zihindula, ambaye husikia kila kitu kwa kuwa simu zote hulala kwake, alikuwa na jibu. Alimsimulia fundi habari ya mwanamke aliyekwenda nchi ya mbali, ambaye mume wake naye aliwaambia wazazi kwamba kamera imepasuka, kumbe kilichopasuka ni mdomo wa mke. Sijui kama mwanamke huyo aliwahi kuwapo. Najua kwamba tangu siku hiyo Balagizi aliacha kumwita Guy "mwanangu" na kuanza kumwita "ule kijana."

Nilimgeukia Antoinette. Nilitarajia nimkute ana hofu kuliko mumewe, kwa kuwa ni mama. Alikuwa akichambua mchele.

"Mama Ketsia, wewe huoni kuna jambo?"

"Jambo gani, Mwalimu? Batu banatumika, banachoka." Akaendelea kuchambua. "Aendelee na treni yake. Treni ni muzuri."

Mwezi wa nane Guy alituma picha nane kwa siku moja. Maghala yalikuwa yameongezwa. La tatu lilikuwa limesimamishwa karibu na yale mawili, jipya, likimeta, na Guy amesimama chini yake na kofia ya kazi, akitabasamu. Balagizi alimchukia kwa tabasamu lile, lakini ghala ni ghala. Alirudi Old Town kutafuta makopo, akatumia wiki mbili kutengeneza ghala la tatu, ngazi yake na bomba lake la kumwagia nafaka. Alilisimamisha mahali pake baada ya kupima mara tatu.

Katikati ya mwezi wa tisa simu ililia, na Ketsia akatokea. Alisimama palepale kwenye kivuko cha reli, katika gauni la kijani, akiangalia kamera, akicheka. Uso mzima, mdomo mzima. Chini yake Guy aliandika: "Papa, hii ni ya jana. Anakusalimia."

Niliitwa. Nilipofika nilisema namshukuru Mungu, na nilimaanisha. Fundi aliegemeza simu kwenye ukingo wa meza, usawa wa reli, nyuma ya kile kisanamu cha Ketsia.

"Mwalimu, hesabu maghala ku foto."

"Mawili."

"Hesabu tena."

"Mawili. Labda la tatu limefichwa na haya."

"Inama hapa. Weka jicho pahali Guy aliweka telefone."

Niliinama. Kutoka kivukoni, juu ya bega la kisanamu, ghala la tatu lilionekana lote, upande wa kushoto, peke yake, bila kufichwa hata na ngazi. Nilisogeza kichwa huku na huku. Hapakuwa na mahali pa kusimama ambapo lingeweza kujificha. Meza ile, tuliyoipima kwa miezi saba, ilikuwa ikisema kwamba picha ya jana ilipigwa kabla ya mwezi wa nane.

"Ule kijana amenitumia binti wa zamani," Balagizi alisema taratibu. "Wa leo iko wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani: hakujua kama mtoto wake ni mzima. Akaamua kufanya mambo mawili. Ijumaa angekwenda Lilongwe kumwuliza Faustin, baba mdogo wa Guy, anayeuza vyombo vya plastiki Old Town na kuishi Kawale. Jumapili angesimama mbele ya wazee wa kanisa waliobariki ndoa ile, na kumshitaki Guy kwa jina. Nilimsihi asiharakishe. Neno likisemwa mbele ya wazee haliwezi kukunjwa na kurudishwa mfukoni. Familia mbili zingevunjika kwa ajili ya ghala. Alinijibu kwamba kesho akipata habari za msiba hatakuwa na wa kumwambia pardon.

Tulikwenda pamoja. Faustin alitupokea nyumbani kwake kwa furaha iliyozidi kiasi. Alituita wageni wa heshima, akafuta viti ambavyo havikuwa na vumbi, na kumtuma mke wake alete Fanta mbili baridi. Alizungumzia joto, bei ya sabuni, na jakaranda za mjini zilivyochanua mapema. Balagizi alimwacha amalize.

"Faustin, binti yangu iko wapi?"

"Si iko na bwana yake?"

"Umemuona lini ku video?"

Faustin alijikuna shingo. "Unajua, Muzee, hii mambo ya réseau, ya mutandao..."

"Nimekuuliza lini."

"Basi, kunywa kwanza soda, itapata moto."

"Unanificha kitu."

Mtu yule mnene alinitazama mimi, kisha akaitazama dari. Nimewahoji watoto wengi waliovunja vioo vya madirisha, nilijua nilichokiona. Ghafla akasema simu yake inaita, ingawa hatukuisikia ikiita, akatoka uani. Kupitia dirishani tulimwona akizungumza kwa mkono mmoja mdomoni, akizunguka pipa la maji. Aliporudi, alisema hana la kusema zaidi ya kwamba tuwe na subira. Balagizi alisimama. Chupa zote mbili zilibaki mezani zimejaa, na kwetu sisi, kuondoka bila kuonja kinywaji cha mwenyeji ni kumwambia kwamba hamna undugu tena.

Tulirudi kwa basi dogo, tukateremka barabarani, tukachukua kabaza mbili hadi kambini, tukaingia nyumbani kwake kwa pamoja. Antoinette alikuwa ameandaa ugali na dagaa. Alitunawisha mikono.

"Mukule," alisema. "Soda ya Faustin mulikatala, ugali yangu musikatale."

Balagizi alikuwa amekwisha kumega tonge. Alilirudisha sahanini.

"Nani amekuambia juu ya soda?"

Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye birika juu ya mikono yangu, hadi bakuli likafurika.

"Mwalimu..." Antoinette alianza.

"Mwalimu ameingia na mi. Hatujaongea kitu. Nani amekuambia?"

Antoinette aliweka birika chini. Nilitaka kuondoka, lakini alinizuia kwa mkono. Aliingia chumba cha ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, akachukua ufunguo wa kufuli shingoni mwa mumewe kama mtu anayemvua mtoto shati, na kufungua mlango wa chumba cha treni. Tulimfuata. Aliukunjua mfuko, akatoa kigauni cha manjano na kukilaza juu ya reli. Kisha akatoa cheupe, chenye lesi shingoni, akakilaza kando yake.

"Mi sisemi kitu," alisema. "We mwenyewe unajua kupima."

Kwetu, mimba haitangazwi, na mwanamke mwenye mimba hapigwi picha, mpaka mtoto alie. Hilo kila mmoja wetu analijua. Antoinette alikuwa ameongeza sharti lake: safari hii isisikiwe na mkasi wa fundi.

Balagizi alivitazama vigauni. Kidole chake kilifuata mshono wa bega, kwenda na kurudi.

"Miezi ngapi?"

Antoinette alinyoosha lesi kwa kiganja.

"Iko salama?"

"Analala tu. Munganga amemukataza kusimama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Na ule kij... na Guy?"

"Guy alilia ku telefone. Hakutaka kukudanganya. Ile foto ya zamani, mi njo nilimulazimisha atume, juu ulikuwa umeanza kumuita ule kijana."

"Faustin anajua?"

"Anajua."

"Na Zihindula?"

"Zihindula!" Kwa mara ya kwanza alikasirika. "We unaweza ambia radio siri?"

Nusura nicheke. Balagizi hakucheka. Alikuwa akiitazama meza, maghala, njiti zote zile za kiberiti, kana kwamba anaziona upya.

"Kumbe na treni..."

"Mikono yako ilikuwa inatafuta kazi," Antoinette alisema. "Nikaipa kazi."

Fundi alikaa kwenye kigoda. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Ketsia, munawaza ni mi niliwaua bale batoto? Na sindano yangu?"

Antoinette alikuwa amekwisha kuanza kukunja vigauni, kimoja juu ya kingine, kwa mistari ileile ya zamani.

"Hapana," alisema. "Lakini hizi nguo, mi njo nazikunjaka. Sikutaka kukunja ya tatu."

Niliwaacha.

Asubuhi, kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha kushonea, Balagizi aliniita. Ghala la tatu halikuwa mahali pake. Alikuwa ameling'oa pamoja na ngazi na bomba lake, akaliweka juu ya rafu na kulifunika kwa kitambaa. Mezani yalibaki mawili, kama kwenye picha. Alikuwa ameandika ujumbe na alitaka nimwangalizie herufi: "Mwanangu Guy, foto ya Ketsia nimepata. Ni nzuri sana. Nimehesabu, kila kitu iko sawa. Usijisumbue kutuma ingine kwa sasa."

"Na Jumapili?" nilimwuliza.

"Jumapili nitaenda kuimba."

Antoinette alipita mlangoni akiwa na ndoo. Alisimama, akaitazama meza, akahesabu maghala, nami nikaona mabega yake yakishuka. Kila asubuhi alipita kuhesabu, akihofia kwamba mzee atashindwa kuvumilia na kumwuliza Guy ukweli, na mzee alijua kwamba anahesabiwa.

Ule mwezi ulikuwa mrefu kwake. Alishona sare za shule tu. Siku moja tulikuwa Old Town katika duka la vitambaa, muuzaji akatandaza pamba laini, nyeupe, nyepesi kama povu la maziwa. Balagizi aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha, na kumwomba muuzaji aikunje.

"Si lazima ununue, mzee. Gusa tu," muuzaji alimhimiza.

"Nitagusa siku ingine," alijibu, na akatoka dukani kabla yangu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi alikuwa akimpima mteja kiuno, asubuhi ya saa mbili, Antoinette alipotokea mbio bila kitenge cha kichwani, simu ikiwa mbele yake kama kaa la moto. Aliisogeza simu sikioni kwa mumewe, na kutoka Nebraska, ambako ilikuwa usiku, kilio cha mtoto kikamfikia, chembamba, chenye hasira. Ndipo Antoinette alipopiga vigelegele. Zihindula alikuja mbio kutoka kibandani kwake.

"Kuna nini? Dossier imetoka?"

"Imetoka!" Antoinette alimjibu. "Sasa tangaza!"

Mtoto wa kike, Bénie. Balagizi alimwuliza Guy swali moja tu: urefu. Sentimita hamsini. Alimwacha mteja na utepe kiunoni, akaenda nyumbani. Nilimkuta amekata kichwa cha njiti ya kiberiti pamoja na kijiti kidogo chini yake, nusu sentimita barabara, naye akikipima mara ya nne badala ya kukigandisha. Antoinette alimnyang'anya gundi, akamweka mtoto kwenye mkono wa kisanamu cha Ketsia. Kisha mzee akapanda kigoda, akalishusha ghala la tatu kutoka rafuni, akalipuliza vumbi na kulirudisha mahali pake bila kulipima hata mara moja. Lilisimama wima.

Pamba nyeupe aliinunua wiki iliyofuata. Alimsubiri kwanza Guy atume vipimo vya kifua, mikono na shingo.

Picha sasa huja kila juma: Ketsia kivukoni na mtoto kifuani, mashavu yamejaa. Watu hukusanyika kibandani kwa Zihindula kuitazama, na wote hutafuta sura ya mtoto. Balagizi huiangalia wa mwisho. Humfunika Ketsia kwa kidole gumba, na kuhesabu maghala kwanza: moja, mbili, tatu. Nadhani Guy anajua. Nimegundua kwamba siku hizi, kabla ya kupiga, hurudi nyuma hatua moja, ili yote matatu yaonekane hadi kileleni.